Mililita na Makopo ya Safu ya Nafaka

Mume wa mdogo wangu ni mwalimu wa sayansi, na kwa miaka mingi alifundisha kupima ujazo wa jiwe bila jiwe, bila maji na bila chombo. Ubao ulimtosha. Alichora silinda ya kupimia, akachora mistari ubavuni, akajaza maji ya chaki mpaka kwenye namba aliyoitaka. Pembeni akachora silinda ya pili, jiwe linaning'inia ndani kwa uzi, na maji ya chaki yamepanda. Watoto wakatoa namba ndogo kwenye namba kubwa, wakapata ujazo wa jiwe ambalo halikuwepo. Darasa zima lilipata. Jiwe la chaki halina ubishi, kila mwaka ni lilelile na haliongezeki, kama mshahara wake.

Siku moja mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, jiwe likiwa kubwa kuliko silinda?"

"Chora silinda kubwa," akajibu.

Nayasema haya ili msije mkadhani nilikuwa na kinyongo naye tangu mwanzo. Hapana. Sokoni, kwenye safu yetu ya nafaka, tulimpenda sana. Ni mwembamba, mstaarabu, mfuko wa shati umejaa vipande vya chaki, na hajui kupatana bei. Ukimtajia bei anasema ahsante. Mteja wa namna hiyo hata ukiwa mgonjwa unaamka kwenda kumhudumia. Bi Kamili, muuza mchele wa meza ya pili kutoka kwangu, alikuwa akimwona kwa mbali anaanza kupangusa kopo. Bi Kamili si jina lake, ni kelele yake. Kila akimwagia mteja kopo kwenye mfuko hupiga ukelele, "Kamili!" Mtu asiyeulizwa kitu halafu akajibu, mimi huwa namtazama mara mbili. Lakini hayo ni yangu.

Kosa, kama kuna mtu anatafuta wa kumbebesha, lilianzia jikoni kwangu. Duka la dawa la mtaa wa pili lilipofungwa moja kwa moja nilikwenda kununua chupa tupu za kuwekea mafuta ya kupikia. Nilibishana na mwenye duka mpaka akachoka, na ili niondoke akaniongezea glasi moja ndefu, nyembamba, yenye mistari na namba toka chini hadi juu. Nikaiweka jikoni, nikaijaza miiko. Ilipendeza. Miiko ilisimama kama maua.

Shemeji akaja na mkewe kutusalimia, akaingia jikoni kuomba maji ya kunywa, hakutoka. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya miiko yangu.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya msibani, "unajua hii ni nini?"

"Ni ya miiko."

"Hii ni silinda ya kupimia! Ya kioo! Lita nzima!"

Mtu akionyesha kwamba anakitaka kitu kiasi hicho, mimi damu yangu hutulia. Nikamwambia silinda hiyo naipenda sana, ni kumbukumbu. Hakuuliza kumbukumbu ya nini. Tukakubaliana atamfundisha kitindamimba wangu hesabu kila Jumapili mpaka mitihani ya mwisho wa mwaka, atanitengenezea mlango wa kabati, na atanitafutia chombo kingine cha miiko. Alikubali vyote. Ningeomba figo angeuliza ipi.

Basi ndivyo nilivyompa silaha, kwa mkono wangu, na nikajiona nimepata.

Mwezi uliofuata mdogo wangu hakulala kwa raha. Mume alipima kila kilichoingia mdomoni mwa silinda. Alipima viazi vidogo, alipima betri, alipima kipande cha sabuni, na sabuni ikayeyuka kabla hajasoma namba, akaandika kwamba sabuni haifai. Alipima sponji ya kuoshea vyombo, ikanywa maji yote yaliyotakiwa kupanda, akaandika kwamba sponji nayo haifai. Kizibo kilielea. Akakifunga pamoja na msumari ili kizame, akapima vyote viwili, akatoa ujazo wa msumari. Hilo lilimfurahisha kiasi cha kumwamsha mkewe usingizini kumweleza.

Kisha akaomba pete ya ndoa.

"Ya nini?" mdogo wangu akauliza.

"Nataka kujua ujazo wake tu."

Pete ikashushwa kwa uzi. Silinda yenyewe mistari yake inaruka kumi kumi, kwa hiyo maji hayakusogea. Akainama macho yakawa usawa wa maji, akatazama, akatazama tena, akainuka na kumwambia mkewe, bila hata chembe ya ubaya moyoni, "Mke wangu, ujazo wa pete yako haupimiki."

Mdogo wangu alikuja kwangu na mkoba wa nguo. Nilimrudisha. Nilimwambia mwanamume anayesema ukweli wa namna hiyo hawezi kuwa na mwanamke mwingine, angekwishajisema mwenyewe mezani.

Shuleni mambo yalikuwa moto. Mwanangu, ambaye nyumbani humwita baba mdogo na darasani humwita mwalimu, alirudi akieleza kama mtu aliyeona sinema. Kwanza kitu chenye umbo nyoofu, kama boksi la chaki, unapima urefu, upana na kimo, unazidisha, basi. Kitu chenye umbo la ajabu ndicho kinachotaka maji. Unasoma maji kabla, unakizamisha, unasoma maji baada, unatoa. Na huruhusiwi kusoma ukiwa umesimama, lazima uiname, kwa sababu maji kwenye kioo hayako sawa, hubonyea katikati kama godoro lililochoka, na namba ya kweli iko pale palipobonyea.

"Na chombo je?" nikamuuliza, ili nionekane nasikiliza.

"Chombo ni rahisi, mama. Unakijaza maji, unayamwaga kwenye silinda, unasoma."

Nikaendelea kuchambua maharage. Hakuna kengele iliyolia kichwani. Wanasema nina akili.

Alhamisi mwalimu akawaambia watoto, "Kesho kila mmoja alete kitu cha nyumbani ambacho ujazo wake tayari unajulikana. Tutahakiki." Watoto wa maofisini walipeleka chupa za maji na vikombe. Watoto wa sokoni walifikiri kidogo. Ni kitu gani nyumbani kwao kinajulikana ujazo wake, kinaapiwa kila siku mbele ya umma, hata jina lake ni lita?

Ijumaa asubuhi safu nzima ya nafaka ilifunguliwa bila makopo.

Hamjaona soko lililochanganyikiwa mpaka muone hilo. Magunia yamefunguliwa, wateja wamesimama na mifuko, na wauzaji wamechuchumaa wanatafuta chini ya meza. Muuza dengu alimshika kola muuza unga. Bi Kamili alikuwa amepanda juu ya kigoda.

"Kopo langu! Nani kachukua kopo langu? Mama Maharage, la kwako lipo?"

"Halipo."

"Basi ni wezi!"

"Wezi wameacha magunia wakachukua makopo?"

"Ndio wezi wa siku hizi!"

Tukauza kwa vikombe vya chai mpaka mchana, na kila mteja akasema kikombe cha jirani ni kikubwa. Saa za shule zilipokwisha, watoto wakaja wamejipanga, wamebeba makopo vifuani, nyuso zinang'aa. Yalikuwa yameoshwa. Yalikuwa yanameta. Na ubavuni, kwa rangi nyekundu ya mafuta ile isiyotoka hata kwa petroli, mwalimu alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni ujazo wa kila moja. La kwangu: ML 890. La muuza dengu: ML 870. La Bi Kamili, ambalo kitako chake kimeingia ndani kama shavu la mtu asiye na meno: ML 840.

"Mwalimu amesema tumsalimie kila mzazi," akasema mwanangu. "Na amesema hii ni zawadi. Sasa kila mtu atajua kopo lake lina kiasi gani."

Kila mtu alijua. Wateja wakainama kusoma, macho usawa wa namba, kana kwamba wote walikuwa darasani. Fundi cherehani wa pale kona, mtu ambaye ni mpole mpaka unamsahau, alimuuliza Bi Kamili, "Bi Kamili, hiyo kamili ni ya nani?"

Kabla sijaendelea, niseme jambo kuhusu kopo langu. Kitako chake kimebonyea. Lilibonyea lilipoanguka. Makopo ya safu yetu huanguka sana, na yote huangukia kitako. Atakayetaka kunihoji zaidi ya hapo aje na kopo lake.

Kesho yake, Jumamosi jioni, wauzaji walikaa kikao nyuma ya magunia, na hakikuwa kirefu. Wakaenda kwa mwalimu mkuu wakiwa kundi. Walimwambia mwalimu huyu ameingiza watoto kwenye wizi wa vyombo, ameharibu mali za watu kwa rangi, na amewaita wazazi matapeli kwa maandishi. Wanataka anyang'anywe sayansi. Somo apewe mwalimu wa michezo, mtu mwenye adabu, asiyepima kitu isipokuwa uwanja. Mwalimu mkuu, ambaye katika maisha yake hajawahi kukutana na ugomvi asioukimbia, akasema liamuliwe na mkutano wa wazazi, Jumamosi inayofuata. Wazazi wengi wa shule ile ni watu wa sokoni. Kwa maneno mengine, alishaamua.

Mdogo wangu akaja kwangu, safari hii bila mkoba.

"Dada, wakimnyang'anya sayansi atakufa."

"Hakuna mtu anayekufa kwa kufundisha michezo."

"Dada, ameng'oa ile silinda ya ubaoni. Amefuta. Miaka yote hiyo haikuwahi kufutwa, alikuwa anaizungushia mstari na kuandika USIFUTE. Sasa amefuta, anasema hataichora tena maisha yake. Na kula hali."

Kwamba hali, hilo halikuniuma sana, ni mtu mwembamba kwa asili. Lakini mdogo wangu machozi yake nimeyafuta tangu akiwa na meno ya utoto, na yananichosha. Nikamwambia amlete mezani kwangu kesho, na alete na silinda.

Alikuja amebeba silinda kwapani kama mtoto mgonjwa. Bi Kamili akatema mate pembeni, kwa heshima, mbali na mchele.

"Shemeji," nikamwambia, "utaomba radhi?"

"Kwa rangi, ndiyo. Sikufikiria kwamba haitoki."

"Na kwa namba?"

"Namba nitaombaje radhi? Nilizikuta humo."

"Hizo namba zitakupeleka kwenye kupuliza filimbi, uwaambie watoto kimbieni huku, kimbieni kule."

"Shemeji, maji yalisema mia nane tisini. Mimi nilisoma tu."

Hapo nikaona kwamba nabishana na jiwe, na si la chaki. Mteja akafika, mama mmoja anayeuza chai stendi, akataka kopo moja la maharage. Nikampimia kama ninavyopimia kila siku. Kopo likazama guniani, likatoka limejaa, nikaongeza kwa mkono mpaka kikasimama kilima, punje za juu zinateleza, nikamwaga kwenye mfuko wake, kisha nikachota konzi nikamwongezea, maana pasipo nyongeza mteja wa chai harudi. Akaondoka.

Shemeji alikuwa ameinama. Macho yake yalikuwa usawa wa mdomo wa kopo.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini? Ameshakwenda."

"Jaza tena, shemeji. Vilevile. Hicho kilima nacho kina ujazo! Maji hayana kilima. Ukiyazidisha yanamwagika. Nilipima kopo. Sikupima unachouza!"

Akaviringa karatasi kama koni, akaichomeka mdomoni mwa silinda. Nikajaza vilevile, kilima na konzi. Akamimina polepole, akagonga ubavu wa silinda ili punje zikae, akamimina tena. Silinda ikajaa mpaka lita, na maharage yakabaki. Akairudisha ile lita guniani, akapima yaliyobaki.

"Tisini," akasema. Uso ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyepona. "Elfu moja na tisini. Shemeji, unawapa watu zaidi ya lita! Wewe ni mwaminifu kuliko kopo lako!"

Nilikaa kwenye gunia. Watu waliokuwa wanatutazama walidhani nimeguswa na sifa.

Nimeguswa! Miaka yote hiyo nimebeba kopo lililoanguka kwa uangalifu mkubwa, na kila siku ya Mungu mkono wa kulia umekuwa ukitoa kilichozuiwa na kitako, na juu yake zawadi. Hakuna aliyeniibia. Nimejiibia mwenyewe, huku natabasamu, huku nasema karibu tena.

"Usimwambie mtu," nikasema.

"Lakini hii ndiyo itakayoniokoa!"

"Ndiyo maana usimwambie mtu. Niachie silinda mpaka Jumamosi."

Aliiangalia kama mtu aliyeambiwa aache mguu. Akaiacha.

Siku zile nilijifungia uani baada ya kufunga meza, mimi na silinda na gunia la maharage. Mwanangu alikuwa akisoma namba, mimi nikijaza. Kilima kikiwa kirefu, anasema, "Mama, umezidisha." Kikiwa kifupi, anasema, "Hujafika." Mkono una ubishi wake, umezoea ukarimu usio na maana, lakini ulifundishika. Ilipofika Ijumaa nilikuwa naweza kujaza kilima na konzi, kwa mbwembwe zote, na yote ikaja lita moja bila punje ya ziada. Kwa macho ya mteja hakuna kilichobadilika. Konzi ni ileile, isipokuwa vidole vinabana kidogo.

Jumamosi wazazi walijazana darasani, watu wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Ubao ulikuwa mtupu, na pale palipokuwa na silinda ya miaka yote palibaki weupe wa chaki usiofutika. Shemeji alikaa mbele peke yake. Mwalimu wa michezo alikaa karibu na mlango, filimbi shingoni, na nilimsikia akimuuliza jirani kama sayansi ina kusahihisha daftari. Alipoambiwa inayo, aliona mkutano kwa jicho jingine.

Bi Kamili alisimama na kopo lake mkononi, upande wa namba umemtazama yeye mwenyewe.

"Mimi nauza mchele tangu hamjazaliwa baadhi yenu," akasema. "Nimelisha mtaa huu. Leo mtu aliyesoma anatoka na rangi anakuja kuniandika mwilini! Maana kopo langu ni mwili wangu! Sasa wateja wananicheka. Mwalimu huyu aende akafundishe kuruka kamba!"

Makofi. Mwalimu mkuu akatazama saa, akauliza kama kuna mwenye la kuongeza kabla mkutano haujaamua.

Nikasimama. Nilisema mimi pia ni mhanga, kopo langu pia limeandikwa, na nina uchungu kama wenzangu. Wakaguna kwa huruma. Nikasema kosa la mwalimu ni moja, alipima makopo kwa maji, na hakuna hata mmoja wetu anayeuza maji. Sisi tunajaza kwa kilima, na tunaongeza konzi. Je, kuna asiyeongeza?

"Hakuna!" safu nzima ikajibu.

"Basi apime tunavyouza. Kila mmoja ajaze kopo lake kama anavyomjazia mteja, hapa, mbele ya wote. Ikipungua lita, mwalimu amesema kweli. Ikifika lita, mwalimu atafuta namba zake kwa mkono wake. Na kwa bahati," nikasema, "nimekuja na maharage."

Gunia lilikuwa mlangoni. Mwalimu wa michezo alilibeba mpaka mbele, na hiyo ndiyo kazi pekee ya sayansi aliyoifanya.

Nikaanza mimi. Kilima, konzi. Shemeji akamimina, akagonga, akainama. "Lita moja," akasema, akanitazama kwa mshangao kidogo, maana alikumbuka tisini. Nikamkazia jicho. Akaandika ubaoni.

Muuza dengu akafuata. Alijaza kilima mpaka kikadondoka, akajaza tena. Elfu moja na thelathini. Akapigiwa makofi, akainua mikono kama mshindi wa ndondi.

Hapo ikawa mashindano. Na mkumbuke, maharage hayakuwa yao, yalikuwa yangu.

Bi Kamili alikuja mwisho. Akakunja mikono ya gauni. Akazamisha lile kopo lake lenye shavu, akalitoa, akajenga kilima kama mtu anayejenga kwake. Akamimina. Akaongeza konzi. Akatutazama. Akaongeza konzi ya pili, akasema hiyo ni kwa wateja wa kila siku. Akaongeza ya tatu, akasema hiyo ni kwa wajane.

"Soma, mwalimu!"

Shemeji akapima lita, akapima yaliyobaki. "Elfu moja na mia moja na ishirini."

"Kamiliii!" akapiga ukelele, na darasa likalipuka.

Nilisubiri kelele zitulie. Kisha fundi cherehani, yule mpole, akanyoosha kidole kama mwanafunzi. Naapa sikumpanga. Niliketi tu karibu naye na nikashangaa kwa sauti.

"Bi Kamili," akasema, "kesho nakuja na mfuko. Nataka kama hilo. Lenye konzi tatu."

"Na mimi," akasema mama wa chai.

"Na sisi!"

Uso wa Bi Kamili ulianza kufanya hesabu. Akageuka kwa mwalimu mkuu. "Lakini… lakini na hicho chombo chake nacho kinaaminika? Huenda kimekosea."

"Ikiwa kimekosea," nikasema kwa upole, "basi na hiyo elfu moja na mia moja na ishirini yako tuifute. Tubaki na ile ya kopo."

Namba nyekundu ilikuwa imegeukia wazazi bila yeye kujua. Mia nane arobaini, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni.

"Mimi sijasema hivyo," akasema Bi Kamili. "Nimeuliza tu. Chombo ni kizuri. Mwalimu anajua kazi yake."

"Kwa hiyo abaki na sayansi?" akauliza mwalimu mkuu, ambaye alikuwa na njaa.

"Abaki, kwani nani alisema asibaki?"

Wote wakatazama huku na huku wakimtafuta aliyesema. Mwalimu wa michezo alitoka nje, nikamsikia akipuliza filimbi bila sababu yoyote.

Masharti niliyaweka mimi. Mwalimu apake rangi juu ya namba zote, na asipime kopo la mtu bila mwenyewe kuwepo. Alikubali. Siku ya kupaka rangi alikuja na kopo la rangi ya kijani na mdogo wangu amembebea brashi, na alipofika kwangu alinong'ona, "Shemeji, siku ile ilikuwa elfu moja na tisini. Jumamosi imekuwaje lita?"

"Maharage yalikuwa makavu zaidi," nikamwambia.

Aliliandika hilo mahali.

Siku hizi Bi Kamili anauza kwa konzi tatu. Akijaribu mbili, mteja anasimama palepale, mfuko wazi, anamtazama. Ule ukelele ameuacha. Anasema bei ya mchele imepanda, na kweli, kwake imepanda. Wateja wake wamekuwa wengi na yeye amekonda. Mimi natoa lita yangu, kamili kwelikweli, na hakuna anayelalamika.

Na shemeji nimemharibu. Juzi alikuja kununua maharage. Nikajaza, akainama mpaka macho yakawa usawa wa kilima, nikaongeza konzi yangu, nikamimina. Hakusema ahsante. Kwa mara ya kwanza tangu aoe kwetu, alibaki amesimama.

"Shemeji, na nyongeza?"

"Hiyo konzi ilikuwa nini?"

"Hiyo imo kwenye lita. Nauliza nyongeza."

Nikachukua punje moja ya maharage, nikamwekea kiganjani.

Akaigeuza kwenye mwanga. "Hii ujazo wake haupimiki."

"Muulize mkeo, mmeshazoea."

"Haipimiki ikiwa moja," akasema taratibu, kwa sauti ile ya darasani. "Kitu kidogo unapima vingi kwa pamoja, halafu unagawanya kwa idadi yake. Kwa usahihi nitahitaji kama mia tatu. Ni kwa ajili ya somo, shemeji."

Na mfuko alikuwa ameshaufungua.